Karatasi Yangu Ndani ya Mkebe wa Padri

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha sebuleni kwa Verna Skaletski, nimekaa ukingoni mwa kochi na sahani ya soseji magotini. Kwenye televisheni, mechi ya mpira wa Kimarekani huko Chicago ilibakiza sekunde sita. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, 17 kwa 16, na mpiga teke wetu alikuwa anapima hatua zake.

Mtu mwingine yeyote wa mji wetu, Green Bay, angekuwa anamwomba Mungu mpira upite katikati ya milingoti utupe ushindi. Mimi nilikuwa namwomba Mungu asinisikie.

Kwa aliyekuwa hayupo, kisa ni hiki.

Parokia yetu ina mchezo wa mtoano. Kila wiki ya msimu wa mpira unaandika kwenye karatasi jina lako na timu moja tu unayoamini itashinda. Ikishinda, umebaki. Ikifungwa, umetoka. Timu uliyokwisha kuitumia huitumii tena. Karatasi zinatumbukizwa kwenye mkebe wa kahawa kabla ya Alhamisi saa sita mchana, mkebe unafungwa kwa utepe wa gundi, na Padri anaufungua Ijumaa ya wiki inayofuata, watu wakila samaki ukumbini. Anasoma majina ya waliobaki. Timu zao hazitaji. Anaziandika kwenye kijitabu chake ili wajanja wasirudie, basi.

Ila akibaki mtu mmoja, huyo ni bingwa, na karatasi ya bingwa inasomwa nzima, jina na timu, kisha inabandikwa ubaoni karibu na mlango wa jikoni. Inakaa hapo mwaka mzima. Bingwa ndiye anayeshika mwiko wa sufuria kubwa la buya, mchuzi wetu mzito wa kuku na mboga, kwenye sherehe ya parokia, mbele ya Askofu. Ukicheka, wewe si wa hapa.

Kuna kanuni nyingine ambayo haijaandikwa popote, kama ambavyo haijaandikwa popote kwamba usimpige mama yako. Hakuna anayeandika dhidi ya timu yetu.

Wiki ya tatu tulikuwa tunakwenda kwa watani wetu wa jadi, na mimi, Leander Delwiche, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, muumini, mgane, niliandika Chicago.

Niliandika kwa sababu nina cheti. Nilifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka arobaini na miwili, na nilipofika thelathini na minne nikaanza shule ya jioni, siku tatu kwa wiki, miaka sita, nikiingia darasani na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Nilisoma takwimu. Cheti kiko ukutani mpaka leo. Na takwimu zilisema kidole gumba cha mrushaji wetu kimevimba, wawili kati ya watano wanaomkinga wanatembelea magongo, na Chicago hawajafungwa kwao tangu mwaka jana mwezi wa kumi. Hesabu haina upendeleo. Nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza. Tulikuwa tumebaki kumi na saba. Padri angeona, Padri angenyamaza, na mimi ningesonga mbele kimya kimya kama mtu mwenye akili zake.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nakihatarisha.

Verna ana tiketi mbili za msimu. Ya pili ilikuwa ya mumewe Clarence, aliyefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo kiti hicho hakijakaliwa na mtu. Katika mji huu watu wanaandikishwa kwenye orodha ya kungojea tiketi siku wanayobatizwa. Mimi nimo kwenye orodha tangu nilipokuwa na nywele. Verna ameahidiwa mashua kwa ajili ya kiti hicho, ameahidiwa paa jipya, shemeji yangu Gordy Baeten alimwahidi kumfyekea majani mpaka kufa, na yeye akawaambia wote kiti hakiuzwi.

Mwezi wa nane aliniambia nikiwa na adabu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, nitakaa hapo siku ya mechi na Minnesota. Mjane wa hapa akimkalisha mwanamume kando yake uwanjani, Padri hana haja ya kutangaza ndoa mara tatu kanisani. Watu wamekwisha kuelewa.

Haya. Mpiga teke akapiga.

Mpira ulipaa vizuri, ukaanza kupinda, ukagonga mlingoti wa kulia na kuangukia nje. Chicago wameshinda. Na mimi, kabla akili haijauwahi mdomo, nikasema kwa sauti, "Ahsante, Bwana."

Verna akageuka polepole.

"Umesema nini?"

Nikamwambia kwamba mtu mzima anashukuru kwa yote, kwa kushinda na kwa kushindwa. Nikaongeza kwamba kijana yule angeweza hata kuvunjika mguu.

Nilitegemea anitupie mto. Badala yake macho yalimlegea. Akasema Clarence kwa kipigo kama kile alikuwa anatupa viatu, na mwaka mmoja alitupa redio. "Sijawahi kukaa na mwanamume anayefungwa na Chicago akamshukuru Mungu," akasema, akanishika mkono. "Jumapili utakaa nami, Leander. Nimeamua."

Nilikwenda nyumbani nikiwa mtakatifu. Utakatifu ule ulidumu saa kama mbili.

Habari za viwanja vingine zilianza kuingia. Philadelphia, ambao kila mwenye akili aliwaandika, walifungwa nyumbani kwao na Arizona, 24 kwa 10. Kati ya kumi na saba tuliobaki, kumi na mmoja walikuwa wameandika Philadelphia. Wengine wanne, Verna akiwa mmoja wao, waliandika timu yetu wenyewe, kwa mapenzi, nao wakazama pamoja nayo. Alibaki Gordy na Denver yake. Jumatatu Denver walikuwa wanaongoza kule Kansas City mpaka teke la mwisho kabisa. Teke la Kansas City likapita, na Denver ikafungwa.

Jumanne asubuhi simu ikalia.

"Shemeji," Gordy akasema. Gordy ni kaka wa marehemu mke wangu, postamasta mstaafu, na kwa miaka arobaini amelitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Nimepiga simu nyumba kumi na tano. Zote zinalia. Mimi ni wa kumi na sita. Umebaki wewe. Uliandika nani?"

Nikamwambia kanuni ni kanuni, tungoje Ijumaa.

"Uko hai au una aibu?"

"Nina kanuni."

"Basi uko hai," akasema, akakata.

Kufika saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba Leander Delwiche ndiye bingwa, katika wiki ya tatu tu ya msimu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mchezo uanze. Na hakuna aliyejua nilimwandika nani. Kinyozi alikataa malipo na kunikata taratibu, nywele moja moja, kwa kuwa hazikuwa nyingi. Muuza jibini alinifungashia ratili nzima ya vipande vibichi, vile vinavyolia menoni. Dukani mama mmoja nisiyemjua alinishika kiwiko mbele ya friji ya njegere akaniuliza kuhusu mechi za Jumapili.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimpa somo kamili. Nilimwambia Buffalo watawafunga Miami kwa sababu Miami hawawezi kukimbia na mpira katikati. Nilimwambia asiwaamini Pittsburgh safari hii, Cleveland wanawangoja na kisu. Nikamwambia Detroit kule New Orleans ni mechi ya watu wasio na haraka ya kufa. Watu wakasimama na vikapu vyao. Kijana wa dukani akazima mashine ya kusafishia sakafu ili asikie.

"Na sisi na Minnesota?" mama yule akauliza.

Nikakohoa. Nikasema njegere zangu zinayeyuka.

Jumatano Verna akaja kwangu na pai ya cheri, ile anayoioka kwa ajili ya misiba na ubatizo tu. Aliitua mezani, akafungua mkoba, akanionyesha tiketi aliyoichana kwenye kitabu chake cha msimu. Nikanyoosha mkono. Akairudisha mkobani.

"Kesho kutwa," akasema. "Padri akisha kusoma karatasi yako, nitakupa mbele ya watu wote. Nataka Gordy aone." Kisha akanikazia macho kwa furaha ya mtoto. "Ni Buffalo, sivyo? Usiniambie. Najua ni Buffalo."

Nilikula pai nzima peke yangu, nimesimama.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa parokia. Nisiwadanganye: nilikwenda kuiba. Mikebe ilikuwa miwili kwenye rafu juu ya meza ya Padri. Mmoja ulikuwa wazi, unangojea karatasi za wiki hii kama kawaida, kwa kuwa mchezo hauishi mpaka Padri asome. Wa pili ulikuwa wa wiki iliyopita, umefungwa kwa utepe, na ndani yake nilikuwamo mimi. Nikapanda kwenye kiti. Nilikuwa nimefikia kuukwangua utepe kwa kucha pale mlango ulipofunguliwa.

Padri Kulas ni kijana, hajafika arobaini, mrefu, mpole. Alinitazama juu ya kiti chake.

"Bwana Delwiche," akasema. "Nikusaidie kushuka?"

"Nimekuja kuungama, Padri."

Nililisema kwa hofu tu. Lakini tulipokuwa tunatembea kuelekea kanisani, wazo likanijia, zuri kiasi kwamba nilikaribia kusimama njiani. Anachoambiwa padri katika maungamo hawezi kukisema kwa mtu yeyote, hata kwa kuchinjwa. Nikimwambia niliandika Chicago, atawezaje kusimama Ijumaa na kuisoma Chicago? Nimemziba mdomo kwa sheria ya Kanisa lenyewe. Shule ya jioni haikuwa bure.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, kwa sauti ndogo.

Upande wa pili wa kiwambo cha kitubio, kiti cha Padri kililia.

"Bwana Delwiche," Padri akasema, "nimekaa kwenye kiti hiki miaka tisa. Nimesikia ndugu waliodhulumiana na waume waliotoroka. Hakuna aliyenong'ona kama ulivyonong'ona wewe."

"Ni Chicago, Padri."

"Nimesikia. Sina hakika kama ni dhambi." Akasogea karibu na kiwambo. "Umekuja kutubu, au kuniziba mdomo?"

Kuna maswali ambayo cheti hakikuandai. Nikasema labda vyote viwili.

Nilisikia pumzi ikimtoka puani, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huzuni au kicheko. Akanipa malipizi. Salamu Maria tatu. Na kisha, kabla ya saa sita, niandike karatasi ya wiki hii kwa mkono wangu mwenyewe, na niandike timu yetu.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza kwamba Minnesota watatufunga kwa pointi kumi, kwamba kidole gumba bado kimevimba, kwamba mkimbiaji wao wa kushoto amekwisha kuvuka mstari mara tano katika mechi tatu na sisi upande ule hatuna mtu. Nikamwambia mwenye elimu hawezi kuandika anachojua si kweli.

"Malipizi hayatakiwi kuwa matamu," akasema Padri.

Nikaandika. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu anayesaini kuuza nyumba. Nikatumbukiza kwenye mkebe mpya, hakuna aliyeniona, nikaenda zangu kwa moyo mweupe. Nilijiona nimeshinda kotekote.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za jukwaa. Sangara wa kukaanga, viazi, kabichi, mkate mweusi. Verna alikuwa amevaa ile sweta ya kijani anayoivaa uwanjani, na mkoba wake ulikuwa juu ya meza, si chini kama kawaida. Gordy alikuwa mkabala nami, anatafuna taratibu na kunitazama.

Padri akasimama na mkebe. Ukumbi ukatulia. Nikaegemea kiti na kuvuka miguu, nikingoja kuona mtu aliyefungwa mdomo anafanyaje.

Alisema jambo fupi sana. Alisema safari hii ameona ni vizuri mkebe ufunguliwe na mmoja wa wachezaji, mtu mwaminifu. Gordy alikuwa tayari ameinuka nusu. Padri akampita, akaja mpaka kwenye meza yetu, akauweka mkebe mbele ya Verna.

Nilimtazama Padri. Padri alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya chupa ya siki.

Verna akavaa miwani. Akachana utepe, akamimina karatasi mezani, na yangu aliijua papo hapo, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi hakunji ovyo. Kingo nne zilikuwa sawasawa. Akaniangalia, akatabasamu, akaifungua.

Verna husoma kwa midomo. Niliiona midomo ikianza kujipanga kwa ajili ya neno, kisha ikasimama.

Tabasamu halikuondoka upesi. Lilibaki pale kidogo, kama taa iliyosahauliwa chumba kikiwa hakina mtu. Ukumbi ulingoja. Mimi nilikuwa naangalia mfupa wa samaki kwenye sahani yangu na kuuonea wivu.

"Leander Delwiche," Verna akasoma, kwa sauti ileile anayosomea waraka wa Mtume Paulo siku za Jumapili. "Philadelphia."

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akaufunga mkoba. Kifungo kililia kak.

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha mtu akapiga meza. Kama mimi nami nimeanguka, basi wote kumi na saba tumeanguka wiki moja, na kanuni inasema wote wakianguka wiki moja, wote wanarudi. Watu kumi na sita walifufuka papo hapo, miezi saba kabla ya Pasaka. Walikumbatiana na mikono yenye mafuta. Mwanamume mmoja aliyekuwa amenisifu kwa kinyozi alipita akinipiga mgongoni na kuniambia alijua tangu mwanzo kwamba sina lolote.

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Nilimtazama Verna nimshukuru kwa macho. Hakunitazama.

Na hapo Gordy akasema, si kwa sauti kubwa, "Ngoja kidogo."

Gordy si mtu mbaya. Ana kumbukumbu tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Philadelphia aliitumia wiki ya kwanza," akasema.

Watu wakaanza kunyamaza, meza moja baada ya nyingine.

"Alinishika kwenye maegesho, shemeji yangu huyu, saa nzima, ananifundisha kwa nini Philadelphia. Akanichorea na mishale kwenye vumbi la gari langu. Sijaliosha. Atakaye akaangalie."

Mtu akamwomba Padri kijitabu. Padri alikifungua polepole kama anayetafuta ukurasa ambao angependa usiwepo. Wiki ya kwanza, akasema, Delwiche, Philadelphia. Hilo aliweza kulisema. Lilikuwa kijitabuni.

Gordy akanyoosha mkono kuelekea mkoba. Hakuwa na ukali. "Labda umesoma vibaya, Verna. Mwanga wa humu si mzuri. Lete tuione."

Verna alisema anasoma vizuri. Alisema amewasomea watu hawahawa Neno la Mungu kwa miaka ishirini na hakuna aliyewahi kumwomba aonyeshe kitabu. Lakini shingo ilikuwa imemwiva nyekundu mpaka masikioni, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya mkoba. Mkono wa Gordy ulibaki hewani. Mama mmoja nyuma akauliza jirani yake kwa nini Verna hatoi karatasi. Jirani akanyoosha shingo auone mkoba, na meza nzima ikanyoosha naye.

Nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kusema nimezeeka, nimesahau, nimeandika Philadelphia mara mbili. Aibu ya wiki moja. Neno lilikwisha kufika kwenye ulimi. Lakini karatasi ingetakiwa vilevile, na mwanamke aliyesema uongo mmoja tu maishani mwake, mbele ya padri, kwa ajili yangu, angebaki nao peke yake.

Nikasimama. Magoti yakapiga kelele.

"Amesoma vibaya kwa makusudi," nikasema. "Ananificha mimi. Niliandika Chicago."

Jikoni mafuta yalikuwa bado yanachemka.

Kwa kanuni nilikuwa bingwa. Hakuna aliyepiga makofi. Gordy aliushusha mkono wake, akakaa, na uso wake haukuwa wa ushindi. Alionekana kama mtu aliyepewa habari za msiba kwa simu. Mzee mmoja wa meza ya mbele alichukua sahani yake na bia yake akahamia meza nyingine, akarudi kuchukua chumvi.

"Chicago," Gordy akasema. "Na dada yangu amezikwa kwa jezi yetu."

Ni kweli, ndivyo alivyozikwa. Mimi ndiye niliyemvalisha.

Verna alikuwa amesimama. Alifungua mkoba, akatoa karatasi yangu, akaiweka mezani mbele ya Gordy. Kisha akatoa tiketi, akaishika. Kwa mara ya kwanza tangu aifungue karatasi ile, alinitazama.

"Ya wiki iliyopita imekwisha," akasema. "Nataka ya wiki hii. Jumapili tunacheza na Minnesota. Karatasi yako imo kwenye mkebe?"

"Imo."

"Umemwandika nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku kumi kwamba ukweli na faida yangu vilikuwa upande mmoja. Niliinua kichwa.

"Sisi," nikasema. "Nimetuandika sisi."

Kulikuwa na kicheko mahali fulani karibu na mlango. Kikaambukiza meza ya pili, ya tatu. Gordy akasema shemeji, keti, umechoka. Nikaapa. Nilipoapa walicheka zaidi. Nikasema mkebe ufunguliwe, na watu kumi wakanijibu kwa pamoja kwamba mkebe hufunguliwa Ijumaa ijayo, kanuni ni kanuni.

Verna hakucheka.

"Kuna mtu anayejua?" akauliza. "Mtu mmoja tu, Leander. Kuna mtu aliyekuona unaandika, au uliyemwambia?"

Nikageuka kwa Padri Kulas. Ukumbi mzima ukageuka pamoja nami. Alikuwa amesimama kando ya kijitabu chake, mrefu, mwekundu usoni, kwa kuwa kila nilichomwambia, na kila alichoniamuru, nilikuwa nimekifungia mimi mwenyewe upande wa pili wa kiwambo, katika siri ya maungamo.

"Padri," Verna akasema, "ni kweli?"

Padri akafungua mdomo. Akaufunga. Akaniangalia kwa huruma kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto anayemwangalia mwenzake aliyeng'oa daraja.

Verna alingoja. Tiketi ilikuwa kati ya vidole vyake viwili, na vidole vilikuwa vimeanza kuikunja.